Rambo Hakuchimba Mfereji wa Yatta

Kila shule zikifungwa wimbo huwa ule ule. Mchungaji anauanza kanisani, chifu anaupokea barazani, mwalimu mkuu anaumalizia kwenye mkutano wa wazazi: filamu zinaharibu vijana wetu. Ati zinawafunza wizi, bangi, uchi na kiburi kwa wazee. Wazazi wanatikisa vichwa kukubali, kisha wanaenda nyumbani kuwasha runinga.

Mimi wimbo huo umenichosha. Filamu zina nguvu, hilo sibishi. Zina nguvu kuliko mchungaji, chifu na mwalimu mkuu wakifungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Lakini wanaoziogopa wanaogopa kitu kidogo, kikubwa kimewapita mlangoni. Wanahesabu mabusu na risasi. Hakuna anayehesabu watu ambao hawamo kwenye picha.

Nami nasema hivi: hasara kubwa ambayo sinema imeitia nchi hii iko katika yale ambayo haikuonyesha. Tumekaa mbele ya skrini miaka mingi hadi tukaamini kwamba jambo lisilo na filamu halikutokea, au lilitokea kwa watu wadogo wasiostahili kukumbukwa. Nitatoa mfano wa nyumbani, mtu asije akasema naleta mambo ya vitabuni.

Kithimani iko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, ukikaribia Matuu. Jina lenyewe ni la maji. Kithima kwa Kikamba ni kisima, kwa hivyo Kithimani ni kisimani. Yatta ni nchi kavu, mvua huku huja ikitaka na kuondoka bila kuaga. Hata hivyo ukipita na matatu utaona nyanya, maembe, mishiri na karela za kupelekwa ng'ambo, na punda wamebeba mitungi iliyojaa. Kinachobeba sehemu kubwa ya maisha hayo ni mfereji wa Yatta, unaotoa maji Mto Thika na kuyaleta upande wetu kwa umbali wa kama kilomita 60. Mfereji huo ulichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau. Walichimba kwa lazima, askari wakiwasimamia.

Sasa fanya jaribio ambalo mimi nimelifanya mara nyingi pale stejini. Uliza vijana wa bodaboda: nani alipigana Vietnam? Watakujibu kabla hujafunga mdomo. Rambo. Nani alishinda? Wee, si Rambo! Watakueleza helikopta ilivyolipuka, upinde ulivyovutwa, kisu kilivyokuwa na meno upande mmoja. Halafu uliza: na huu mfereji ulio hapo nyuma, nani aliuchimba? Mmoja atasema serikali. Mwingine atasema Mzungu. Wa tatu atacheka, atakuuliza kama unataka kubebwa au hutaki.

Tazama hasara hiyo vizuri. Marekani ilishindwa Vietnam, na mwaka wa 1975 Saigon ikaanguka. Miaka 10 baadaye, 1985, Sylvester Stallone akarudi Vietnam katika Rambo: First Blood Part II na kushinda peke yake vita ambavyo jeshi zima lilikuwa limeshindwa. Huo ni uongo waliotengeneza kwa ajili ya kujifariji wenyewe, na wana haki ya kujifariji kwa pesa zao. Ajabu ni kwamba faraja yao imekuwa historia yetu. Kijana wa Kithimani amepewa ushindi ambao haukuwapo, kwenye vita visivyokuwa vyake, na amenyimwa mfereji anaonawia uso.

Watu watasema, si ni burudani tu, bana, acha vijana wapumzike. Haijawahi kuwa burudani tu. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo mapema kuliko sisi. Mwaka wa 1935 Waingereza walianza kule Tanganyika jaribio la kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na utii, na mwaka wa 1939 wakaanzisha kitengo kizima cha filamu za makoloni. Magari ya sinema yakazunguka vijijini, shuka jeupe likatundikwa, watu wakaambiwa jinsi ya kuishi. Baada ya uhuru magari yaliendelea kuja sokoni, safari hii katikati ya picha wakiuza sabuni. Halafu zikaja video za vibandani, kiingilio sarafu, benchi za mbao, jenereta ikinguruma nje. Na mwisho akaja DJ Afro.

Huyu simlaumu hata kidogo. DJ Afro ni mmoja wa wasimulizi wakubwa ambao Kenya imewahi kupata. Anachukua filamu ya Hong Kong au Hollywood, anazima maneno yake, anaweka sauti yake, na ghafla komando wa Marekani anaongea kama kondakta wa matatu. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake, kazi ni hiyo hiyo. Watu hawa walithibitisha jambo ambalo wizara zetu za elimu hazijalielewa hadi leo: Mkenya wa kawaida ana njaa ya hadithi kwa lugha yake, na atalipa shilingi yake ya mwisho aipate. Kosa ni letu tuliomwachia DJ Afro hadithi za wageni peke yake azitie chumvi, kwa sababu za kwetu hazikuwapo kwenye rafu.

Kwenye hivyo vibanda ndiko tulikojifunza sheria moja kuu: stering hafi. Ukitaka kujua nani ni stering, angalia nani kamera inamfuata. Wengine wote ni wa kuanguka. Wanaruka kutoka kwa lori, wanapigwa risasi, wanadondoka kutoka ghorofani, na hakuna anayeuliza majina yao, kwao wapi, wameacha watoto wangapi. Mtoto anayekulia kwenye hesabu hiyo haiachi kibandani. Anaenda nayo kwenye siasa, akimtafuta stering wa kumpigia kura, mtu mmoja mwenye miwani myeusi atakayemaliza maadui wote kabla ya saa mbili kuisha. Anaenda nayo kwenye historia pia. Ndiyo maana historia ya uhuru tuliyonayo ina majina sita ya Kapenguria na moja la Dedan Kimathi, na nyuma yao umati wa watu wasio na sura.

Kama unadhani natia chumvi, chukua Idi Amin. Uliza Mkenya yeyote aliyekuwa na macho miaka ya 1980 Amin alikuwa mtu wa namna gani. Atakwambia alikula watu na kuweka vichwa kwenye friji. Amelisoma wapi? Hakulisoma. Alimwona Joseph Olita, Mkenya mwenzetu, katika Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel iliyotoka mwaka wa 1981. Olita aliigiza vizuri mno, na baada ya hapo Amin halisi hakuhitajika tena. Sasa huyo zimwi wa kwenye friji ametusaidia nini? Ametusahaulisha kwamba mapinduzi ya 1971 yalipokewa kwa furaha London. Ametusahaulisha kwamba mwaka wa 1972 Waasia walipofukuzwa, wengi walishangilia na kugawana maduka. Ametusahaulisha Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977, na maelfu ya watu waliouawa kwa njia za kawaida kabisa, na maaskari wa kawaida wenye mishahara. Zimwi halina washirika. Ukishamfanya mtawala zimwi, wote waliomsaidia wanaenda nyumbani wakiwa safi. Wazungu wenyewe walipokuja kumrudia Amin mwaka wa 2006, katika The Last King of Scotland, walimtungia daktari kijana kutoka Scotland ambaye hakuwahi kuwapo, ili mtazamaji apate mtu wa kumhurumia. Forest Whitaker akapata Oscar. Waganda waliobaki kwenye picha wakaendelea na kazi yao ya kuanguka.

Turudi kwa Mau Mau, maana mfereji wangu bado unatiririka. Vita vikiwa bado vinaendelea, sinema ilikuwa imeshatoa hukumu. Simba ilitoka 1955, Dirk Bogarde akiwa ndiye Mzungu mwema anayefika Kenya na kukuta ndugu yake ameuawa. Safari ikafuata 1956. Something of Value ikaja 1957, Rock Hudson na Sidney Poitier, mwaka ule ule ambao Kimathi alinyongwa Kamiti, tarehe 18 Februari. Ulimwengu uliijua Kenya kupitia picha hizo: shamba zuri, taa ya karabai, mama wa Kizungu na bastola, na giza lenye panga. Hesabu halisi ni hii. Walowezi waliouawa wakati wote wa Hali ya Hatari walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu ya mahakama peke yake walizidi 1,000. Waliouawa msituni na vijijini ni maelfu, na waliopitia kizuizini ni makumi ya maelfu. Lakini kamera ilifuata wale 32, kwa hivyo wakawa wao ndio stering, na kifo cha kila mmoja kikawa na jina.

Halafu ikaja Out of Africa, mwaka wa 1985, mwaka ule ule wa Rambo. Meryl Streep, Robert Redford, ndege ndogo juu ya Bonde la Ufa, Oscar 7. Mimi sina ugomvi na mapenzi ya watu. Nina ugomvi na kilichofuata. Nyumba ya Karen Blixen, mwanamke aliyeondoka Kenya 1931, serikali ya Denmark ilikuwa imeipatia Kenya tangu uhuru. Filamu ilipotoka, mwaka mmoja tu baadaye, 1986, nyumba hiyo ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Hebu rudia polepole: filamu ya Hollywood ndiyo iliyotuamshia kumbukumbu na kutuambia kipi ni cha kuhifadhiwa. Kahawa yenyewe ilifilisika, lakini kiti, kabati na saa ya mwanamke huyo vina mlinzi, tiketi na mwongozaji.

Na mtalii anayekuja kuviona anatua wapi? Uwanja wa ndege wa Embakasi, mzazi wa JKIA ya leo, ulijengwa kwa nguvu za watu wa kizuizini. Magurudumu yanagusa chini mahali ambapo watu hao walivunja mawe, kisha mtalii anapanda gari kwenda kuona kiti cha mwandishi. Jioni akila wali, huenda ni mchele wa Mwea, na mashamba ya Mwea nayo yalianza kwa mikono ya watu hao hao. Amekula jasho la Mau Mau, ametua juu ya jasho la Mau Mau, na hakuna aliyemwonyesha hata picha moja.

Hapa ndipo wengi wetu hupenda kusimama, tuwatukane Wazungu, tupige makofi, twende nyumbani. Mimi siendi. Tuna bendera yetu tangu 1963. Serikali ya Kenyatta ilisema sote tulipigania uhuru, basi tusamehe na kusahau, na sheria ya kikoloni iliyoharamisha Mau Mau ikaachwa palepale hadi 2003. Miaka 40! Mtu aliyetaka kutengeneza filamu kuhusu waliochimba mfereji alikuwa anatengeneza filamu kuhusu chama haramu. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, ile Cap 222, ilitungwa 1962 kabla bendera haijapanda, na ndiyo inayoamua hadi leo nani apewe kibali cha kushika kamera. Mwaka wa 2018 bodi ya filamu ilipata nguvu za kupiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, kisa wasichana wawili kupendana, hadi mahakama ikaifungulia siku 7. Bodi ina macho makali ya kuona wasichana wawili. Katika miaka yote hiyo haijawahi kushtuka kwamba watoto wanaiona nchi yao ikisimuliwa na watu wengine.

Kuna sababu nyingine ya kunyamaza, na hii inatuhusu sisi Wakamba wa Yatta moja kwa moja. Huku kwetu utasikia mzee akisema Mau Mau yalikuwa mambo ya Wakikuyu. Hilo linatupa usingizi mzuri. Lakini Paul Ngei, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alikuwa wa Machakos. Na hata tukikubali kwamba wengi walioshika sururu kwenye mfereji walitoka upande wa pili wa Mto Thika, maji yanamwagilia shamba la nani? Tunakunywa jasho la watu halafu tunasema halituhusu. Tena tuseme lote. Wakamba waliingia KAR na polisi kwa wingi, kuliko jamii nyingine nyingi. Kama babu mmoja alikuwa anachimba, inawezekana babu mwingine alikuwa amesimama juu ya ukingo na bunduki. Filamu ya kweli kuhusu mfereji huu itaingia kwenye boma fulani na kukuta picha ya marehemu ikiwa ukutani, amevaa sare. Hilo ndilo tunaloliogopa. Si uchi wala bangi.

Na kuogopa huko kuna bei. Kila uchaguzi ukikaribia, mtu anasimama juu ya gari na kuuliza ni nani alipigania nchi hii na ni nani alilala. Watu hawana picha ya kumjibu, kwa hivyo wanamjibu kwa kabila. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 tuliona majibu hayo yanafikia wapi. Jamii ambazo zingejua kwamba maji yake, uwanja wake na mchele wake vilichimbwa na mikono ya jirani zingekuwa na jambo lingine la kuongea kabla ya kuokota mawe.

Ukifuata barabara yetu hadi Garissa kisha ukashuka na Mto Tana, utafika Hola. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa huko. Walikuwa wamekataa kufanya kazi ya lazima kwenye mradi wa umwagiliaji, mfereji kama wetu. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Ukweli ulipotoka, bunge la Uingereza lilitikisika, na mfumo wote wa kambi ukaanza kubomoka. Kuna hadithi gani Hollywood iliyo nzito kuliko hiyo? Watu wanauawa kwa kukataa kuchimba njia ya maji, na maji yenyewe yanasingiziwa. Kijana wetu amewaona watu wa Escobar wakifa wote, mmoja mmoja, na hajui hata jina moja la waliokufa Hola.

Au kama mnataka filamu ya Mkamba kabisa, basi mchukueni Muindi Mbingu. Mwaka wa 1938 serikali ilikuwa inawanyang'anya watu mifugo kwa lazima, ati ng'ombe wamezidi ardhi, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kinangoja pale Athi River. Mwezi wa Julai maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi na kupiga kambi Kariokor, wakisema hawatoki bila kuonana na gavana. Wakakaa wiki kadhaa. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, lakini serikali ikalazimika kuacha kuwapokonya watu ng'ombe kwa nguvu. Watu wasio na bunduki waliwashinda wenye bunduki kwa kukaa chini na kukataa kuondoka. Leo wengi wetu tunamjua Muindi Mbingu kama mtaa wa Nairobi wenye shida ya kuegesha gari.

Kwamba filamu inaweza kubadilisha nchi si ndoto yangu. Imeshatokea, kwa ubaya na kwa wema. Mwaka wa 1915 Marekani ilitoa The Birth of a Nation, iliyowafanya Ku Klux Klan mashujaa, na mwaka huo huo kundi hilo lililokuwa limekufa likafufuka. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2006 Rachid Bouchareb alitoa Indigènes, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Pensheni zao zilikuwa zimegandishwa kwa miaka mingi huku wenzao Wafaransa wakilipwa vizuri. Rais Jacques Chirac aliitazama filamu, na serikali yake ikatangaza kuziongeza. Wazee walikuwa wameandika barua kwa miongo, hawakusikilizwa, filamu ikasikilizwa. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyeita sinema shule ya jioni, alitengeneza Camp de Thiaroye mwaka wa 1988, kuhusu askari wa Kiafrika waliopigwa risasi na jeshi la Ufaransa Desemba 1944 kwa kudai malipo yao. Aliitengeneza miaka mingi kabla ya marais wa Ufaransa kuanza kulitaja jambo hilo hadharani. Nasi tulikuwa na wazee wa KAR waliopigana Burma. Walirudi na medali na kikohozi. Filamu yao iko wapi?

Sitaki kuambiwa hatuna uwezo. Tunao. Nairobi Half Life ya 2012 inaanza na kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuwaigizia watu muvi za mapigano, yaani inaanza kwa kusema hili hili ninalosema. Wanuri Kahiu aliigusa bomu la 1998 katika From a Whisper. Judy Kibinge alikwenda Wagalla na kuwapa kamera walionusurika mauaji ya Februari 1984, katika Scarred. Meena Nanji na Zippy Kimundu walitoa Our Land, Our Freedom mwaka wa 2023, wakimfuata Wanjugu Kimathi akitafuta kaburi la baba yake. Hizo ni filamu za watu wenye moyo. Lakini zinaonyeshwa wapi? Amsterdam, Nairobi, kwenye kumbi za watu wenye kadi za mwaliko. Sijasikia hata moja imepigwa Kithimani siku ya soko. Halafu tunashangaa kijana anamjua Rambo. Rambo alikuja hadi kibandani kumtafuta.

Serikali nazo zikisikia maneno kama haya hufurahia vibaya. Zinakimbilia kutangaza. Machakos tuliwahi kuahidiwa Machawood, kaunti yetu iwe makao ya sinema ya Kenya, na jina likavuma sana. Mimi sihitaji jina. Na ninaomba, kwa heshima zote, tusitengenezewe filamu rasmi ya kitaifa yenye kibali cha ofisi, ambapo mwanasiasa fulani atageuka kuwa mjukuu wa stering na askari wote watakuwa Wazungu. Hiyo itakuwa Rambo nyingine, tofauti ni kofia.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1955 sasa anagonga 90. Wako wachache, wanasahau, wanazikwa kila Jumamosi. Simu iliyo mfukoni mwa kila kijana wa bodaboda inapiga picha nzuri kuliko kamera zilizotumika kuipiga Simba. Kaunti inayolipa pesa za matamasha iwalipe vijana 10 wa Yatta mwaka mmoja wawarekodi wazee hao, waliochimba, waliolinda, na akina mama waliouza uji kando, bila kuchagua upande. Serikali ya Kenya iwaambie Waingereza kwamba picha za nchi yetu zilizohifadhiwa London, kwa kina British Pathé na kwenye makumbusho yao ya vita, zitumike bure na Mkenya anayesimulia habari za Kenya. Ni aibu mjukuu kulipia leseni ili aone babu yake akiwa amefungwa pingu. Kampuni ya nje ikija kupiga filamu hapa na kupewa barabara, polisi na twiga, iache nakala, na nakala hiyo ionyeshwe bure kijiji ilikopigiwa. Na apatikane mmoja, DJ Afro mwenyewe au mwanafunzi wake, azisimulie hadithi hizo kwa Kiswahili na Kikamba kama anavyozisimulia za Hong Kong. Hapo ndipo mtaona vibanda vikijaa.

Wachungaji, machifu na walimu wakuu, nyinyi nawaomba jambo moja tu. Likizo ijayo msiwaulize watoto wametazama nini. Waulizeni ni nani aliyechimba mfereji. Wakikosa jibu, msiwachape. Hakuna aliyewaonyesha.